Daktari Haldane na vifo vinavyoitwa kukosa hewa

Anayeingia soko la Matrah, kando ya bandari kongwe ya Maskati, hupokewa na moshi kabla hajapokewa na mwenye duka. Ubani wa Dhofar na udi wa Bara Hindi hufukizwa juu ya makaa, na vyetezo vyenyewe huuzwa papo hapo, vya udongo na vya fedha. Wenyeji hulijua soko hilo pia kwa jina la Suku ya Giza, kwa kuwa vichochoro vyake ni vyembamba na vimeezekwa hata jua halipenyi. Kwa Waswahili wa Oman, ambao wengi wao walitoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 au waliitikia mwito wa kurejea baada ya mwaka 1970, harufu hiyo haina ugeni. Ni ile ile ya Mji Mkongwe, ya Mombasa na ya Lamu.

Mkaa uo huo unaobeba harufu nzuri hutoa pia kitu kisichokuwa na harufu, rangi wala ladha. Majira ya baridi, katika vijiji vya Jabal Akhdar na katika mahema ya jangwani, makaa huingizwa ndani na milango ikafungwa. Hufanyika hivyo pia katika vyumba vya mabati vya Nairobi na katika nyumba za nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Asubuhi watu hukutwa wamelala na hawaamki. Taarifa zinazofuata husema kwamba marehemu walikosa hewa.

Maneno hayo mawili yamebebeshwa mzigo mkubwa. Kiswahili huyatumia kwa aliyelala na jiko, kwa aliyeshuka kisimani asipande tena, kwa mpiga mbizi aliyezimia na kwa mgonjwa ambaye mapafu yake yamejaa maji. Vifo hivyo havifanani, na tiba zake hazifanani. Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote katika kuvitenganisha ni John Scott Haldane, tabibu wa Scotland aliyezaliwa mwaka 1860 na kufariki mwaka 1936. Sehemu kubwa ya maisha yake ilipita Edinburgh, Dundee na Oxford, lakini safari yake ya mwisho ya kikazi ilikuwa Ghuba ya Uajemi.

Nyumba za chumba kimoja

Haldane alizaliwa Edinburgh, katika ukoo wenye ardhi na jina. Kaka yake, Richard, alipanda hadi kuwa Waziri wa Vita wa Uingereza na baadaye mkuu wa sheria wa nchi hiyo. John mwenyewe hakuwa na hamu ya madaraka. Alihitimu udaktari mwaka 1884, lakini badala ya kufungua zahanati alikwenda Dundee, mji wa viwanda vya magunia, kupima hewa.

Wakati huo madaktari wengi waliamini kwamba maradhi huletwa na mivuke mibaya inayopanda kutoka kwenye uchafu. Jina la malaria lenyewe, katika asili yake ya Kiitaliano, maana yake ni hewa mbaya. Haldane na wenzake wakiongozwa na mkemia Thomas Carnelley waliamua kuacha kudhani. Walibisha hodi usiku katika nyumba za maskini, bila kutoa taarifa mapema, wakachukua hewa ya vyumba ambamo familia nzima ilikuwa imelala. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1887, yalionyesha kwamba hewa ya nyumba za chumba kimoja ilikuwa chafu zaidi kwa kila kipimo, na kwamba vifo humo vilikuwa vingi zaidi. Walipopima hewa ya mifereji ya maji machafu, ikiwemo iliyopita chini ya Bunge la Uingereza, waliikuta na vijidudu vichache kuliko ilivyodhaniwa. Waheshimiwa wabunge walikuwa wakiogopa kisichowadhuru.

Mwaka 1887 Haldane alihamia Oxford, alikokuwa akifundisha mjomba wake, John Burdon Sanderson. Huko, pamoja na mwenzake Lorrain Smith, alijifungia ndani ya kisanduku kisichopitisha hewa, akakaa humo kwa saa nyingi akivuta pumzi zake mwenyewe. Wataalamu wa siku hizo waliamini kwamba pumzi inayotoka kinywani ina sumu fulani isiyojulikana. Haldane hakuiona. Alichokiona ni mambo mawili ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa somo hili.

La kwanza ni kwamba hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tunapopumua, hupiga kelele mwilini. Ikizidi, kifua hutweta, kichwa hugonga, na mtu hutafuta mlango. La pili linatisha zaidi. Hewa ya ukaa ikiondolewa kwa dawa ya kuinyonya na oksijeni ikaachwa ipungue peke yake, mtu hahisi dhiki kubwa. Hujiona mzima, pengine mchangamfu, kisha huanguka. Mwili wa binadamu una mlinzi hodari dhidi ya hewa ya ukaa, lakini dhidi ya upungufu wa oksijeni mlinzi huyo ni msinziaji.

Mashariki ya Kongo, watu wanaoishi Goma na kando ya Ziwa Kivu wana neno lao kwa hatari ya aina hii: mazuku. Ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini katika nchi ya volkano. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia mabondeni na mashimoni usiku usipokuwa na upepo. Mbuzi hufa kabla ya mchungaji, na mtoto kabla ya mtu mzima, kwa sababu ya kimo tu. Pale gesi inapokuwa nyingi sana, ule mlinzi hodari hapati nafasi ya kuamsha mtu, kwani pumzi chache hutosha kumwangusha. Agosti mwaka 1986 gesi hiyo hiyo ilipanda kutoka Ziwa Nyos, Cameroon, ikaua watu wapatao 1,700 kwa usiku mmoja.

Mgodi wa Tylorstown

Jina la Haldane lilitoka maabara likaingia katika nyumba za watu wa kawaida kutokana na msiba. Tarehe 27 Januari mwaka 1896 mlipuko ulitokea katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, kusini mwa Wales, wakafa wanaume 57. Kila mtu aliamini wameuawa na moto na kishindo. Haldane alishuka mgodini, akazichunguza maiti, akapima damu. Wengi wao hawakuwa na majeraha ya kuua. Nyuso zao zilikuwa na wekundu wa afya, kama wa watu waliolala baada ya kazi.

Wekundu huo alikuwa akiufahamu, kwa sababu mwaka uliotangulia alikuwa ameutia katika damu yake mwenyewe. Alikaa maabara akivuta kaboni monoksidi iliyopimwa, huku akijitoboa kidole mara kwa mara kuchukua tone la damu na kulinganisha rangi yake. Aliendelea mpaka zaidi ya nusu ya himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayosafirisha oksijeni, ilipokuwa imetekwa na gesi. Kufikia hapo macho yalikuwa yamefifia, miguu haikumbeba, na akili yake haikuweza kuamua jambo dogo.

Namna gesi hiyo inavyoua ni rahisi kueleza. Himoglobini huing'ang'ania kaboni monoksidi kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayotumia kushika oksijeni. Makadirio ya Haldane yalikuwa karibu mara 300. Hivyo gesi hiyo ikiwa sehemu moja tu kati ya 1,000 za hewa ya chumba, na ikivutwa kwa saa kadhaa, inatosha kuteka karibu nusu ya damu ya aliyelala. Mapafu yanafanya kazi, moyo unapiga, hewa chumbani ingali na oksijeni ya kutosha, lakini hakuna wa kuibeba. Kusema mtu huyo alikosa hewa ni kuikosea hewa. Damu yake ndiyo iliyotekwa.

Dalili zake hazina kishindo: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, magoti kulegea. Katika nchi za joto hizo ni dalili za malaria, na zaidi ya mgonjwa mmoja amepewa dawa ya malaria na kurudishwa chumba kile kile chenye jiko. Inapotokea nyumba nzima inaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na kichwa kinapoa watu wakitoka nje, mkaa ndio wa kushukiwa kwanza. Ule wekundu wa Tylorstown usitegemewe. Huonekana zaidi kwa waliokwisha kufa, na katika ngozi nyeusi hufichika isipokuwa ndani ya midomo na chini ya kucha. Desturi ya mwambao ya kumwekea mzazi makaa chumbani ili yeye na mtoto wapate joto inahitaji dirisha lililo wazi, hata kama bibi wa nyumba hataki upepo.

Haldane alionyesha pia njia ya kutoka. Alimweka panya ndani ya chombo chenye oksijeni iliyoshindiliwa pamoja na kaboni monoksidi ya kutosha kumuua, na panya akaishi, kwa sababu oksijeni ilikuwa imeyeyuka moja kwa moja katika maji ya damu bila kuhitaji himoglobini. Kutokana na jaribio hilo la mwaka 1895 ilikuja kuzaliwa tiba ya vyumba vya oksijeni yenye mgandamizo. Leo inajulikana kwamba anayetolewa nje akivuta hewa ya kawaida huhitaji saa 4 hadi 5 ili nusu ya sumu imtoke. Akipewa oksijeni safi, muda huo hushuka hadi saa moja na kidogo.

Kwa wachimbaji alipendekeza kinga isiyohitaji elimu kubwa: mnyama mdogo. Kwa kuwa panya na ndege wadogo hupumua upesi, sumu huwaangusha mapema kuliko binadamu, na kuanguka kwao humpa mtu nafasi ya kukimbia. Ndege aina ya kanari, jamaa wa chiriku, ndiye aliyechaguliwa, kwa sababu akiyumba kwenye kijiti chake kila mtu humwona. Baadhi ya vizimba viliwekwa mtungi mdogo wa oksijeni wa kumzindua. Migodi ya Uingereza iliwastaafisha ndege hao mwaka 1986 tu, vilipopatikana vifaa vya umeme.

Kutoka mgodi mmoja wa Kisiwa cha Man, mwaka 1897, Haldane alimpelekea mkewe Kathleen simu ya maandishi kumwarifu kwamba yu salama. Kisha akampelekea nyingine, na nyingine tena, zote zenye habari ile ile. Alikuwa amevuta gesi mgodini na hakukumbuka kwamba ameshaandika. Bibi Kathleen hakufurahi hata kidogo. Hata hivyo kisa hicho kinaeleza vizuri kuliko vitabu kwa nini watu hawatoki chumbani wakati bado wana nguvu: sumu hii huanza na akili.

Wanawe hawakuachwa nje ya kazi. Alipomchukua mtoto wake Jack mgodini, alimsimamisha mahali palipojaa methani, gesi nyepesi inayokaa karibu na dari, akamwambia aghani hotuba ya Mark Antony kutoka Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ambayo miaka mingi baadaye Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili. Kijana hakufika mbali kabla ya miguu kumwishia. Alipoanguka chini alikuta hewa safi, akazinduka. Methani haina sumu. Inachukua tu nafasi ya oksijeni, na aliyelala sakafuni huokoka pale ambapo aliyesimama huzimia. Katika mazuku mambo ni kinyume, aliyelala ndiye anayekufa. Mzazi wa leo angeshtakiwa kwa somo la namna hiyo, lakini Jack hakulisahau.

Kumbukumbu za wachimbaji zinamdai Haldane jambo lingine lisilohusu gesi. Mwaka 1902 alipelekwa Cornwall kueleza kwa nini wachimbaji wa mgodi wa Dolcoath walikuwa wamepauka na kuishiwa nguvu. Wengi walilaumu hewa ya mgodi. Haldane alipima hewa, hakuridhika, akapima damu na choo, akakuta safura.

Pumzi na kina cha bahari

Mwaka 1905 Haldane na John Priestley walichapisha uchunguzi ambao wataalamu wengi wanauweka juu ya kazi zake zote. Swali lilikuwa la kitoto: nini kinachotuamrisha kupumua? Walionyesha kwamba ni hewa ya ukaa iliyomo katika vifuko vya mapafu. Mwili huilinda isizidi wala isipungue, kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba ongezeko la karibu sehemu 2 kati ya 1,000 linatosha kufanya mtu apumue hewa maradufu.

Wazamiaji wa lulu wa Ghuba waliishi na jambo hilo kwa karne nyingi bila kulipa jina. Walibana pua kwa kibano, wakajifunga jiwe mguuni, wakashuka kwa pumzi moja mpaka kifua kilipodai. Anayedai ni hewa ya ukaa, wala si upungufu wa oksijeni. Kwa hiyo kijana anayehema kwa nguvu mara nyingi kabla ya kuzama, akidhani anajaza akiba, kwa kweli anamfukuza mlinzi wake. Oksijeni itamwishia kabla hajahisi haja ya kupanda, na atazimia majini bila onyo. Vijana wa pwani wanaoshindana kukaa chini ya maji hufa kwa njia hii mpaka sasa.

Kwa wapiga mbizi wenye kupelekewa hewa kwa mpira tatizo lilikuwa jingine. Walishuka salama, wakafanya kazi salama, kisha walipofika juu viungo viliwauma, wengine wakapooza au kufa. Chanzo ni naitrojeni, gesi ambayo ni karibu sehemu nne kwa tano za hewa. Chini ya mgandamizo wa bahari huyeyuka katika damu na mafuta ya mwili. Mtu akipanda upesi hutoka kama mapovu ya chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilimwita Haldane. Yeye na wenzake, Arthur Boycott na luteni Guybon Damant, waliwaingiza mbuzi katika chumba cha mgandamizo jijini London, wakawatazama wakitoka: mbuzi anayeinua mguu mmoja ana maumivu.

Waligundua kwamba mwili huvumilia mgandamizo kupunguzwa kwa nusu bila madhara. Kwa hiyo mpiga mbizi apande mpaka penye nusu ya mgandamizo, asimame, angoje, kisha apande tena kwa vituo. Mwaka 1906, karibu na kisiwa cha Bute, Scotland, Damant na mwenzake walifika kina cha mita 64 wakarudi wazima. Jack, aliyekuwa mvulana bado, naye alizamishwa katika vazi lililomzidi ukubwa na kuvuja maji.

Majedwali ya kupanda yalichapishwa mwaka 1908, na yote yaliyofuata duniani yametokana nayo kwa namna moja au nyingine. Kazi ya chini ya maji haifanyiki bila majedwali ya namna hiyo, iwe ni kukagua nguzo za bandari ya kisasa ya Matrah, iliyofunguliwa mwaka 1974, au kufunga bomba la mafuta. Wasiokuwa nayo ndio wanaoumia. Miongoni mwao ni wavuvi wa majongoo ya bahari wa Zanzibar waliopewa mitungi ya hewa bila mafunzo.

Kosa la mlimani

Mwaka 1911 Haldane aliongoza wenzake kupanda Pikes Peak, mlima wa Colorado wenye urefu wa mita 4,302, wakakaa kileleni wiki tano. Kimo hicho kinakaribia kile ambacho wapandaji wa Kilimanjaro hufikia siku moja kabla ya kilele, na taabu ni ile ile: usingizi wa vipande vipande, kichefuchefu, midomo ya buluu, kisha mwili huzoea. Walieleza kwa usahihi jinsi unavyozoea, isipokuwa jambo moja. Haldane alishikilia kwamba mapafu huisukuma oksijeni kwa nguvu zake yenyewe kuingia katika damu, kama tezi inavyotoa mate. Joseph Barcroft alijifungia ndani ya chumba cha vioo mwaka 1920 na kuonyesha kwamba oksijeni hupenya yenyewe. Haldane hakukubali mpaka alipokufa. Ni ajabu kwamba mtu aliyekuwa tayari kupoteza fahamu ili apate ukweli alishindwa kupoteza nadharia moja.

Ypres

Tarehe 22 Aprili mwaka 1915 jeshi la Ujerumani lilifungua mitungi ya klorini karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji. Wingu la kijani na manjano liliwafikia kwanza askari wa Ufaransa, wakiwemo Waafrika kutoka Algeria, ambao hawakuwa na kinga yoyote. Haldane aliitwa na Waziri wa Vita, Lord Kitchener, akavuka kwenda Ufaransa, akawaona waliobaki. Aliitambua gesi hiyo kwa madhara yake. Klorini huunguza utando wa mapafu, nao hutoa maji, hata mtu akazama akiwa nchi kavu kitandani. Hicho nacho huandikwa kukosa hewa.

Alirudi Oxford akageuza nyumba yake kuwa mahali pa majaribio ya kinga, akivuta gesi yeye na marafiki. Mwezi ule ule wa Mei ambao John alikuwa akikohoa kwa ajili ya askari wa nchi yake, kaka yake Richard aliondolewa serikalini, baada ya magazeti kumwandama kwa kuipenda elimu ya Ujerumani, kana kwamba kusoma vitabu vya taifa ni kuunga mkono bunduki zake.

Kutokana na waliounguzwa na gesi Haldane alipata wazo lililookoa watu wengi kuliko kazi zake zote za vita. Hospitali za wakati huo zilimpa mgonjwa oksijeni kwa faneli iliyoshikwa karibu na uso, na nyingi ikapotea chumbani. Mwaka 1917 alieleza chombo chenye barakoa na vali, kinachotoa kiasi kilichopimwa kwa siku kadhaa mfululizo. Oksijeni ikawa dawa yenye kipimo. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa janga la Uviko, familia za Afrika Mashariki zilipokuwa zikitafuta mitungi, zilikuwa zinatafuta tiba hiyo.

Joto la Ghuba

Baada ya vita aliendelea kusimamia maabara ya utafiti wa migodi, akaandika vitabu vya falsafa ambavyo wanasayansi wengi hawakuvipenda, akapewa nishani ya Copley mwaka 1934. Alikuwa na umri wa miaka 75 alipokubali kwenda Uajemi kuchunguza kwa nini wafanyakazi wa viwanda vya kusafisha mafuta walikuwa wakianguka kwa kiharusi cha joto.

Hilo halikuwa somo geni kwake. Alikuwa ameshakaa katika vyumba vya moto na katika mashimo ya Cornwall, na mwaka 1905 akaandika kwamba joto peke yake si kipimo cha hatari. Kinachoamua ni kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji, kwa sababu kinaonyesha kama jasho linaweza kukauka. Kikipita nyuzi 31 hivi mahali pasipo na upepo, joto la mwili huanza kupanda hata kwa mtu asiyefanya kazi. Mtu wa Matrah, mji uliobanwa kati ya bahari yenye mvuke na miamba myeusi inayotunza joto la mchana mpaka usiku wa manane, hahitaji kuelezwa jambo hilo. Lakini mikataba ya kazi ilichukua miaka mingi kulijua, na vibarua wengi wa Ghuba walizikwa kabla ya sheria za mapumziko ya mchana wa kiangazi kupatikana.

Majira yale yale ya baridi, ya mwaka 1935 kuingia 1936, ndege za Italia zilikuwa zikimwaga sumu ya haradali juu ya Waethiopia, miaka kumi baada ya mataifa kutia saini mjini Geneva mkataba wa kuipiga marufuku. Sumu hiyo huitwa gesi, ingawa ni majimaji yanayoruka, na huchubua ngozi, macho na koo. Watu waliotembea peku katika majani yaliyonyunyiziwa hawakuwa na barakoa ya kuwasaidia, na hata wangekuwa nayo isingeilinda miguu yao.

Haldane alirudi Oxford akiwa mgonjwa wa mapafu. Alifariki usiku wa manane, kati ya tarehe 14 na 15 Machi mwaka 1936. Jack, aliyejulikana duniani kama J. B. S. Haldane, aliendeleza majaribio ya baba yake katika vyumba vya mgandamizo wakati wa vita vya pili, akahamia India mwaka 1957 na kufia huko mwaka 1964. Binti yake, Naomi Mitchison, aliyekuwa mwandishi, alipokewa na Wabakgatla wa Mochudi, Botswana, kama mama yao, akaishi miaka 101. Nyumba ya Oxford iliyokuwa na maabara ndani yake haipo tena. Mahali pake, kando ya mto Cherwell, pamejengwa Chuo cha Wolfson.